Ukuta Wenye Kitambi

Ukuta wangu una kitambi. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila anayekatiza nyuma ya ploti yetu hapa Kitengela husimama, huutazama, kisha hunitazama mimi tumboni, na najua analinganisha. Fundi mmoja wa kweli, mtu wa kujenga nyumba za ghorofa, aliniuliza kwa upole kama niliujenga hivyo makusudi. Nikamwambia ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, namna unavyomwitikia mtu mwenye homa kali.

Ni ukuta wa gabioni, yaani vikapu vikubwa vya waya vinavyojazwa mawe na kupangwa ili udongo usiporomoke. Nilikuwa nimeviona kando ya barabara ya Magadi, karibu na Kona Baridi, nikipita kupeleka dawa za mifugo, maana kazi yangu ni kuuza dawa za minyoo na kupe katika duka moja mjini. Ukitazama kutoka ndani ya gari, gabioni ni kitu rahisi mno. Kikapu, mawe, basi. Nilisema moyoni kwamba siku nikihitaji ukuta, fundi ataniona hivihivi tu, nitajenga mwenyewe.

Siku hiyo ilifika kwa sababu ya mama mkwe.

Mimi ni Mkikuyu wa Ngong, mke wangu ni Mmaasai wa Ewuaso Kedong. Kabla hatujaenda kwao kuposa, mjomba wangu aliniweka chini akanipa somo moja tu. Alisema kwa Wamaasai kuna heshima kali baina ya mwanamume na mama wa mkewe: hawatazamani usoni, hawakai pamoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Mjomba huyo alidai anawajua Wamaasai vizuri sana. Nilipokuja kufikiria baadaye, nikakumbuka kwamba ujuzi wake wote ulitokana na kuwauzia viazi sokoni. Lakini wakati ule nilimwamini kabisa.

Tena mimi ni mtu wa kupitiliza. Nikiambiwa nitie chumvi kidogo, watu hunywa maji mpaka asubuhi. Kwa hiyo mila ile sikuifuata tu, niliing'ang'ania. Katika picha za harusi yetu kila mtu anamtabasamia mpiga picha isipokuwa bwana harusi, ambaye anatazama mbuzi. Tukikutana na mama mkwe kanisani, nilijifanya nasoma matangazo ukutani, hata pale ambapo ukuta haukuwa na tangazo lolote. Naye alikuwa akivuta shuka lake usoni na kugeukia upande wa pili. Hilo lilinifurahisha sana. Nilijiona mkwe bora katika kaunti nzima ya Kajiado, na nilisikitika kwamba hakuna mashindano.

Halafu mama huyo akaanza kusumbuliwa na presha, na mguu wake mmoja ukawa unavimba. Wanawe wa kiume wako mbali na mifugo, leo hapa kesho kule, wanafuata majani. Siku moja alianguka peke yake nyumbani, na majirani hawakumkuta mpaka jua lilipokuwa linazama. Mke wangu alipopata habari hiyo alikwenda akamleta kwetu, karibu na kliniki.

Tulikuwa na chumba cha wageni chenye kitanda na pazia zuri. Nilikataa katakata. Mama mkwe alale chini ya paa langu? Nikamjengea chumba chake cha mabati, chenye sakafu ya saruji na dirisha la kioo, mbali kabisa na mlango wetu ili tusije tukakutana. Katika ploti yenye ukubwa wa yetu, mbali kabisa ni ukingoni mwa korongo. Mke wangu aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia heshima ni heshima. Yeye alikulia shule za bweni, mambo ya mila alikuwa akiyasikia likizoni tu. Alipoona sote wawili tunafunika nyuso na kupishana bila ugomvi, alidhani tumeelewana, akatuacha.

Korongo lile huwa kavu muda mrefu, unaweza kuchezea mpira ndani yake. Mvua ikinyesha huko juu, linageuka mto, na huu udongo wetu mweusi, ukishalowa, hauna uaminifu. Mvua ya kwanza ilichukua ua wa ploti. Iliyofuata ikachukua kamba ya kuanikia nguo pamoja na blanketi lililokuwa juu yake. Asubuhi yake mama mkwe akafunga mzigo wake, akauweka mlangoni, akamwambia bintiye kwamba mawingu yakirudi, yeye anarudi Ewuaso Kedong.

Mke wangu alikuja jikoni akalia.

"Yeyo akienda hatarudi," alisema. Yeyo ni mama. "Huko nani atamkumbusha dawa? Ataanguka tena, na hiyo siku watu watamchelewa. Si ufanye kitu?"

Niliogopa. Nilimpenda mama yule kwa mbali, kama nilivyoelekezwa, na sikutaka afe kwa sababu ya chumba nilichokipanga mimi. Nikasema nitajenga gabioni. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyejenga nyingi.

Kibarua niliyemchukua alichimba msingi, tukashusha mawe, tukakunjua vile vikapu. Kisha akaniuliza kwa nini kila mlango wa mabati ukilia narukia korongoni. Nikamweleza habari ya heshima kwa kirefu. Alisikiliza yote, akaosha jembe lake vizuri, na kesho yake hakuja.

Nikabaki peke yangu na ujuzi wangu wa dirisha la gari. Nilikuja kugundua kwamba gabioni ina masharti. Mawe hayamwagwi, hupangwa kwa mkono, mbele na nyuma. Tena katikati hupitishwa nyaya zinazofunga uso wa mbele na wa nyuma, la sivyo kikapu huvimba. Ili uzipitishe, lazima usimame ndani ya kikapu, uiname, uinuke, utazame huku na huku. Upande mmoja wa huku na huku ulikuwa mlango wa mama mkwe.

Hizo nyaya sikuzitia. Nilifanya kazi nikiwa kule chini korongoni, nimejificha nyuma ya ukingo. Uso wa mbele niliupanga vizuri, mawe yamekaa utadhani yamepigwa pasi. Nyuma, upande wa kwake, nilirusha mawe juujuu bila kutazama, nikisikiliza yanaangukia wapi. Kwa kishindo nilijua kwamba jiwe limeingia, na safari moja nilijua kwamba limegonga ndoo yake.

Alasiri moja, safu ya pili ikiwa imejaa nusu, nikasikia waya unalia. Kikapu cha katikati kilikuwa kinatoa tumbo, polepole, mbele ya macho yangu. Angani, upande wa juu wa korongo, kulikuwa kumeshatanda wingu jeusi. Mke wangu alikuwa kazini. Ukuta ule ukiachia, udongo ungefuata, na chumba kingefuata udongo. Nikaparamia, nikaingia ndani ya kikapu, nikaanza kutupa mawe nje ili nipate nafasi ya kupitisha nyaya. Niliupitisha mmoja, ncha yake ikapotea upande wa pili. Nikatoka kuifunga, ikarudi ndani. Nikaingia, ikatoka. Ni kazi ya watu wawili, na mimi hata kwa unene wangu ni mmoja.

Mlango ukalia.

Hapakuwa na muda wa kuruka. Nikachutama humo humo kikapuni, magoti yamegusa kidevu. Nikasikia hatua, moja nzito na moja ya kuburuta, na kupitia matundu ya waya nikaona miguu yake, ule mzima na ule uliovimba. Ikasimama mbele yangu.

"Baba ya watoto," akasema. "Umeanguka?"

Nikatikisa kichwa.

"Uko mgonjwa?"

"Hapana, mama," niliyaambia mawe. "Ni heshima."

"Heshima ya nani?"

"Yenu."

Radi ikapiga mbali.

"Yetu?" akasema hatimaye. "Hii ya kujificha? Si hii ni yenyu, ya Wakikuyu?"

Nikasema kwetu hakuna kitu kama hicho, labda zamani sana, enzi za babu.

"Mimi nimeokoka," akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Hiyo maneno ya kukimbia mkwe tuliacha zamani. Ule mkwe yangu ingine anakuja anakaa kwa stuli yangu, anakula mpaka anamaliza. Lakini wewe siku ya harusi uliangalia mbuzi! Nikasema, kumbe Wakikuyu bado wako na hii kitu. Wacha nimpatie heshima yake. Nikafunika uso. Kila siku nafunika uso, hata kwa jua, najikwaa kwa mawe yako!"

Nilikuwa nimechutama ndani ya kosa langu mwenyewe, tena limefungwa kwa waya. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na katikati ya aibu hiyo kicheko kikanipanda, kibaya, cha kutikisa mabega. Nikasikia naye anacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mdomo wote.

"Toka," akasema. "Hapana, kaa. Hiyo tumbo inaanguka. Nipe waya."

Tukafanya kazi. Mimi nilikuwa ndani, yeye nje kule nyuma, ameketi juu ya ndoo yake na mguu ameunyoosha. Nilisukuma waya kwake, akauzungusha kwenye matundu, akaurudisha, nami nikaukaza kwa koleo. Ilibidi tutazamane, vinginevyo tungetoboana macho. Kwa hiyo nikamwona. Ana paji la uso la mke wangu, na ana tabia ya kuuma ulimi akikaza kitu, kama binti yangu mdogo anapofunga kamba za viatu. Nilikuwa nimeishi na uso huo kwa watu wengine wawili, na mwenyewe simjui.

Tumbo halikurudi lote ndani, hadi leo, lakini liliacha kukua. Matone ya kwanza yalitukuta tumesharudisha mawe, tunashona kifuniko cha kikapu kwa waya. Nikamwambia aingie ndani asilowe, na kwamba sasa ukuta utashika, kwa hiyo asiende Ewuaso kwa kuogopa korongo.

"Korongo?" Akanitazama kana kwamba nimemuuzia dawa iliyoharibika. "Mimi nimezaliwa kwa bonde. Korongo najua tangu niko mtoto. Si korongo ilinifanya nifunge mzigo."

"Ni nini, basi?"

Aliukaza waya aliokuwa ameshika kabla ya kusema.

"Mtu anaweza kaa aje kwa boma ya mtu hataki kuona uso yake? Nilikuwa nasema, huyu amenijengea nyumba huku mwisho, kwa shimo. Ananivumilia tu, juu ya mtoto yangu."

Mvua ilikuwa inaanza kupiga mabati. Nilitaka kumweleza habari za mjomba na viazi, nikaona ni upuuzi. Mke wangu alikuwa amenifundisha, tukiwa bado wachumba, salamu ya Kimaasai anayoamkiwa mwanamke, na nilikuwa nimewapa wateja, wauza maziwa, na akina mama wote wa sokoni, isipokuwa huyu mmoja.

"Takwenya, Yeyo," nikasema.

Hakuharakisha. Alifuta maji usoni kwa kiganja, akanitazama vizuri, kisha akaitikia kwa Kimaasai.

"Iko."