Mashua Kati ya Migomba

Baba alipoacha kazi ya kuongoza wageni mlimani, magoti yake yalikuwa yamechoka kuliko yeye mwenyewe. Alishinda kihambani kwetu Marangu akipunguza migomba isiyohitaji kupunguzwa, na kumfundisha Mama kulisha ng'ombe ambao Mama amewalisha miaka yote bila msaada wa mtu. Kwa hiyo siku lori liliposimama getini likiwa limebeba mashua ndogo ya tanga, nadhani Mama alishtuka na kupata nafuu kwa pamoja.

"Baba watoto, hiki ni nini?"

"Mashua. Yule mgeni rafiki yangu amehama nchi, kaniachia."

"Na bahari iko wapi?"

"Tanga," Baba akajibu, kama vile Tanga iko nyuma ya kanisa. "Magoti yamekataa kupanda, Mama watoto. Kukaa hayajakataa."

Mashua ikashushwa kati ya zizi na mibuni, kuku wakaizoea kabla yetu. Jumapili iliyofuata, jirani yetu mmoja aliyekuwa anatoka ibadani alisimama njiani, akaitazama, akamtazama Baba.

"Shemeji," akasema, "umeambiwa nini kuhusu mvua ambacho mchungaji ametuficha?"

Mimi nafanya kazi kwenye duka la dawa mjini Moshi, na mwisho wa wiki hupanda nyumbani. Kwa kuwa nilijifunza kuogelea nikiwa shuleni, Baba aliamua bila kuniuliza kwamba mimi ndiye baharia wake. Nilikubali upesi mno. Tangu utotoni nilikuwa nikimwona akiondoka na watu wa mataifa mengine kwenda kileleni; safari hii alitaka kuondoka na mimi.

Kupitia watu wa utalii alipata namba ya dada mmoja wa Tanga anayefundisha kuendesha mashua za starehe. Baba aliweka simu kwa sauti kubwa ili sote tusikie.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Tunakuja mwezi ujao."

"Karibuni sana, ila msije bado. Anzeni kujifunza huko huko nyumbani."

"Huku hakuna maji, Mwalimu. Kuna ndizi."

"Ndizi zinatosha," akasema yule dada.

Ndivyo shule yetu ilivyoanza. Mwalimu alikuwa akitutumia somo kwa ujumbe wa sauti, na sisi tukilisikiliza huku tunakula mtori. Tulijifunza kuvaa jaketi okozi, lenye filimbi yake begani, tukiwa tumefumba macho, pamoja na ule mkanda unaopita katikati ya miguu, ambao Baba aliuona haufai kwa mtu wa rika lake. Mwalimu alimwambia kwamba bila mkanda huo jaketi litapanda juu, mwenyewe atabaki chini. Akaufunga. Tuliilaza mashua ubavu juu ya majani makavu ya migomba, tukajifunza kuning'inia kwenye ubao unaotokeza chini ya tumbo lake ili isimame. Watu waliokuwa wakipita barabarani walipunguza mwendo. Wengine walisimama kabisa.

Somo la kileo lilikuwa gumu kidogo, maana mbege ilikuwa mezani. "Kabla ya kuingia majini, hapana. Mkiwa majini, hapana. Mkirudi, mtajua wenyewe," sauti ya Mwalimu ikasema. Baba akainamisha kichwa kwa heshima. "Hata mlimani ilikuwa hivyo hivyo," akasema, akajimiminia, kwa kuwa siku hiyo hatukuwa tunakwenda popote.

Mambo mawili Mwalimu aliyarudia mpaka nikawa nayaota. La kwanza: kamba ya tanga haifungwi, inashikwa mkononi, ili upepo ukizidi uiachie. La pili: mashua ikipinduka, usiiache. Pwani itaonekana karibu, nayo haiko karibu. Chombo kilichopinduka kinaonekana kwa mbali. Kichwa cha mtu kinapotea kwenye mawimbi.

Mama alitangaza mapema kwamba yeye majini haingii. Mwalimu hakumbishia. Alisema kila safari inahitaji mtu wa nchi kavu anayejua wanaokwenda ni nani, wanaelekea wapi na watarudi lini. "Mama, hiyo ndiyo kazi yako. Ukiona jambo hulielewi, usingoje. Niite."

Hatimaye tulikwenda Tanga, mashua ikiwa kwenye lori lililopakia ndizi. Siku za mwanzo tulifanya mazoezi Mwalimu akiwa pamoja nasi. Kisha asubuhi moja akatazama anga, akatazama bendera kwenye mnazi, akasema twende peke yetu, tusivuke lile boya jekundu, turudi kabla ya adhuhuri. Mama alikaa kivulini na kofia ya Baba kichwani.

Sijui niielezeje raha ile. Tanga lilijaa, maji yakaanza kuongea chini yetu, na Baba akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho nyumbani. Aliniachia usukani. Yeye alishika kamba, akaniambia habari za upepo wa kileleni, na alipotaka kunionyesha kwa mikono yote miwili jinsi unavyosukuma, akaizungusha kamba kwenye kishikizo na kuifunga.

Niliona. Nilifungua mdomo niseme. Upepo ukaja kabla yangu.

Nilipoibuka nilikuwa natema maji ya chumvi, na Baba alikuwa upande wa pili akiita jina langu. Mashua ilikuwa imelala kifudifudi. Tulipanda juu ya ubao wake wa chini, tukaning'inia kama tulivyofanya migombani. Haikugeuka. Maji yalikuwa yamekupwa, na ncha ya mlingoti ilikuwa imejichoma kwenye tope.

Baba akageuka kutazama pwani. Minazi ilionekana wazi, hata vibanda.

"Pale ni karibu," akasema. "Naogelea, nilete msaada. Wewe baki."

"Baba, hapana."

"Binti yangu, nimewatoa watu kwenye theluji."

"Na mgeni akikuambia anakijua kilele kilipo, akataka kwenda peke yake, ulikuwa unamruhusu?"

Wimbi likatuinua, likatushusha. Nilimshika mkanda wa jaketi, nikaogopa kweli kwa mara ya kwanza, si kwa sababu ya maji, bali kwa sababu sikujua kama nina nguvu za kumzuia baba yangu. Kisha mkono wake ukarudi juu ya mashua. Akasema polepole, "Basi piga filimbi."

Nilipiga mpaka midomo ikafa ganzi. Filimbi haikufika pwani. Upepo uliichukua kwingine. Kilichotuokoa ni kwamba Mama hakuwa ameondoa macho yake kwetu. Baadaye alituambia kwamba aliona tanga, kisha hakuliona, akajiambia labda ndivyo zinavyokwenda hizi mashua. Kisha akakumbuka aliyoambiwa. Adhuhuri ilikuwa bado mbali. Alikimbia mchangani mpaka alipokuwa Mwalimu.

"Mwalimu, silielewi lile."

Mwalimu hakuuliza swali. Aliwasha boti ya mashine, akaja. Alitupandisha sisi kwanza, halafu akaufunga mlingoti kamba na kuung'oa kwenye tope. Alipoona kamba ya tanga bado imezungushwa kwenye kishikizo, alimtazama Baba.

"Mzee."

"Nimeifunga mimi," Baba akasema. "Binti hana kosa."

Mama alitupokea kwenye maji ya magoti, kanga imelowa, yeye aliyeapa kutoingia. Alimpiga Baba kofi dogo begani, kisha akamkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo sijaliona Marangu wala kwingine.

Jioni tulikula wali na samaki. Mama alidhani mashua itauzwa. Asubuhi tulimkuta Baba ufukweni, jaketi limefungwa mikanda yote, akimwomba Mwalimu amsimamie huku akishika kamba na kuiachia, kuishika na kuiachia, mashua ikiwa bado mchangani.

Mchana tulitoka tena, mwendo mfupi, karibu na pwani. Baba alisimulia kidogo sana.