Nilimwambia ni Kidole Tumbo

Miaka ile ya tisini nilikuwa nasoma, na jioni namhudumia bibi mmoja Mmarekani katika nyumba ya watu wenye ulemavu wa akili, mjini Saint Louis Park, hukohuko Marekani. Kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Walisema akili yake nzito. Nzito wapi! Kwa ubishi alinishinda kila siku.

Mimi Mtanzania, na kwetu salamu haiishi mpaka uulizie watoto. Nikamfundisha Kiswahili kidogo. "Watoto hawajambo?" Naye, "Hawajambo!" Tunacheka. Pembeni nikawa nawasema Wazungu kwa wenzangu: watu gani hawa, mzazi wanamtelekeza hivi, hata kuja kumwona hawaji!

Siku moja msimamizi akanipa faili lake nilipange upya. Humo nikakuta karatasi kuukuu. Akiwa msichana alifungiwa katika taasisi ya serikali, na sharti la kumtoa lilikuwa afungwe kizazi kwanza. Sahihi ya kukubali ilikuwa ya kaka yake. Yeye hakuulizwa.

Sasa niseme aibu yangu yote. Wazo langu la kwanza halikuwa kumhurumia. Niliwaza, "Lakini kweli, huyu angemleaje mtoto?" Astaghfirullah! Wazo lile sikulisoma kwenye karatasi. Nilikuja nalo mwenyewe kutoka nyumbani, ambako tulikuwa tunasema hivyohivyo juu ya binti wa jirani, tena tukijiona wenye busara.

Kesho yake sikumuulizia watoto. Akaona mara moja. Nilipokuwa namwogesha akanishika mkono, akauweka kwenye kovu lake chini ya kitovu.

"Waliniambia ni kidole tumbo," akasema. "Nikaolewa. Tukangoja mtoto, tukangoja. Mume wangu akaniacha, akasema mbovu ni mimi. Jana nilikuona unasoma faili langu. Walinifanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo, na Kiingereza cha kulisema nilikuwa nacho. Nikaogopa kufukuzwa kazi. Nikaogopa zaidi asije akanisoma usoni nilivyowaza jana yake.

"Kidole tumbo, bibi."

Akauondoa mkono wangu kwenye kovu.

"Basi mume wangu alisema kweli," akasema, akanigeuzia mgongo nimsugue. Nikamsugua.