Nilisoma riwaya kwa sauti, bosi wangu akadhani nimeoteshwa dhahabu

Admin, nifichie jina, na hata duara, yaani shimo tunalochimba, usilitaje, maana huku tunafahamiana. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, kwetu Kambarage, Shinyanga mjini. Nina shahada, lakini kazi niliyoipata ni ukarani kwa mchimbaji mdogo upande wa Geita. Naandika hapa kwa sababu ninaogopa, na watu niliowategemea wameniudhi kuliko hata hofu yenyewe.

Niko kwenye kundi la wasomaji la WhatsApp. Tuko wachache: Nairobi, Kampala, Bujumbura, Muscat na mimi huku porini. Tunasoma riwaya moja ya ajabu, ya mwanamke anayelala kwenye mji ambao nyumba zake huhama usiku, na kila akiamka anajikuta mlango mwingine. Nakala ni moja tu. Anayekuwa nayo huwasomea wenzake sura kwa sauti, anarekodi, anatuma, kisha kitabu kinapanda basi kwenda nchi nyingine. Kwangu kilifika kutoka Kampala kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa unga.

Basi mchana mmoja watu wamekwenda kula, nikajifungia ofisini nikarekodi. Sura yenyewe inasema: "Niliona ng'ombe mweupe akitoka kwenye shimo lililofukiwa, nyuma ya mti uliopasuka katikati, na pembe zake zinawaka." Ofisi yetu ni ya mabati. Bosi alikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, anachokonoa meno.

Huku kuna utaratibu. Asubuhi kabla wachimbaji hawajashuka, mtu huuliza nani ameota. Ukiota vibaya, hushuki, na hakuna anayekucheka. Ukiota vizuri, kama ng'ombe, ambaye huku ni dhahabu, watu wanakufuata. Mimi karani sijawahi kuulizwa, na nilikuwa nawaona kama watoto. Kesho yake nikaingia kazini.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mayu." Hajawahi kuniita mayu, yaani mama. Mimi kwake nilikuwa "wewe wa makaratasi". "Mbona ulinificha?"

"Nimekuficha nini, bosi?"

"Ng'ombe. Unawarushia watu wa mbali kwenye simu, sisi unaokula nasi mboga moja unatunyima?"

Nyuma ya karasha letu la kusagia mawe kuna mgunga uliopasuliwa na radi. Na nyuma ya mgunga kuna shimo la zamani, lilifukiwa baada ya kubomoka wakati wa mvua. Kila mtu anajua maji yapo chini na udongo wake haushiki. Bosi ameshaagiza lifukuliwe. Matimba ya kuzuia kuta hayajaja, anasema yatakuja yakishaonekana mawe ya dhahabu.

Nilijikaza nikamwambia ukweli. Nilimpelekea kitabu mkononi. Alikigeuza kama anayeangalia samaki aliyelala sokoni.

"Aliyeandika humu aliota au hakuota?"

"Alitunga, bosi. Ni hadithi tu."

"Kwa hiyo ninyi watu wazima, nchi nne, tano, mnatumiana uongo kwa basi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Na ndiyo shule mliyosoma? Mayu, usinichezee. Kitu hakitoki Uganda kikaja mpaka kwenye meza yangu bure."

Mtu huyu hajui kusoma zaidi ya jina lake kwenye leseni, halafu ananionea huruma mimi. Lakini angalau yeye anaamini kitu. Sikilizeni hao wenzangu wasomi.

Niliwaandikia kundini, nikawaeleza kuwa watu wanaweza kufa. Mwalimu wa Nairobi, ndiye kiongozi wetu, akajibu: "Aki hiyo ni tamu kuliko kitabu! Hebu turekodie hao wachimbaji wakiongea." Wa Muscat akasema riwaya imeanza kutembea yenyewe, akaweka na mioyo. Nikaomba ruhusa nirekodi sura ya uongo, ng'ombe arudi shimoni na shimo lijifunge, ili bosi aisikie. Mwalimu akanijia juu: "Hapana dada, kazi ya mwandishi haiguswi. Huo ni utovu wa adabu." Adabu! Mtu amekaa kwenye kochi lake na kahawa, anailinda sentensi kuliko shingo ya mtu. Niliwaheshimu watu hawa. Nilikuwa naazima bando ili niwasomee.

Atakayetangulia kushuka ni Shija. Mkewe amejifungua juzijuzi. Ananitania kila akipita dirishani: "Dada, ukilala tena niotee pikipiki, nyekundu." Jana nilimvuta pembeni nikamwambia asishuke, sikuota chochote. Akaacha kucheka.

"Dada, usiogope zawadi yako," akaniambia. "Wewe ndiye umeona. Nisingeshuka kwa neno la bosi, yule ana tamaa. Nashuka kwa neno lako."



Shimo linashukwa Jumatatu. Asubuhi wataulizana nani ameota, na safari hii wote watanitazama mimi. Nikisimama niseme nimeona ng'ombe amekufa, watanisikiliza, Shija atapona. Lakini tangu hapo nitakuwa mwotaji wao, watachimba popote nitakapopiga usingizi, na siku moja watanidai damu ya mtu. Nikienda kwa ofisa madini, atalifunga, bosi atajua ni mimi, na huku karani aliyechongea haajiriwi tena, hata kulala kwa amani halali. Nikinyamaza, mnajua wenyewe.

Mnaoyajua maisha ya machimbo, nielekezeni, nishike njia ipi kabla ya Jumatatu? Ila kama umekuja kuniuliza jina la kitabu, nakuomba upite kimya.