Wa Pili Kutoka Dirishani

Bibi Madaktari, binti wa mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa wetu, mjukuu wa seremala aliyechonga milango ya soko, mke wa fundi bomba aliyeziba mabomba ya watu na la kwake likavuja mpaka anakufa, mpiga deki wa ukumbi mrefu wa chuo cha udaktari kwa miaka arobaini na moja, asiyewahi kukosa kazini ila siku mbili, ya harusi na ya msiba: huyo ni wifi yangu. Aliolewa na kaka yangu. Habari zake nataka ziandikwe na anayezijua, na anayezijua nimebaki mimi.

Ule ukumbi ulikuwa kama ujia mpana, mlango upande huu, dirisha kubwa upande ule. Ukutani palitundikwa picha kumi na moja za madaktari wa zamani waliofundisha pale, wote wanaume, wote na tai, wote wamekunja uso kana kwamba mchoraji kawakanyaga. Chini ya kila picha, kibao cha shaba chenye jina. Wifi alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, na wengi wao aliwakuta hai. Alijua nani aliitikia salamu na nani aliitia mfukoni akaenda nayo.

Kaka yangu alipofariki, Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Wifi akabaki na chumba kimoja, redio, na kazi. Wanafunzi walimruka kama walivyoruka ndoo yake. Wenye adabu walisema "samahani", na samahani si mazungumzo. Akawa anaziamkia picha, moja moja, kwa majina. Nikamtania, "Wifi, una wanaume kumi na mmoja na hata mmoja hakujibu."

"Afadhali hao," akasema. "Kaka yako alijibu mpaka nikachoka."

Mwaka mmoja ukumbi ukapakwa rangi. Picha zilikuwa na namba mgongoni, kwa hiyo kila moja ilirudi mahali pake. Vibao havikuwa na namba. Wifi alikuwa amevisugua na kuvipanga rundo, cha mtu wa kwanza juu, cha wa mwisho chini. Akamkabidhi fundi wa rangi, "Anza na cha juu," kisha akaenda kumwaga maji machafu. Kumbe mwanzo wa wifi ulikuwa mlangoni, na mwanzo wa yule bwana ulikuwa dirishani. Aliporudi, wanaume kumi walikuwa wamevaa majina ya wenzao. Wa sita tu, aliyekuwa katikati, ndiye aliyebaki na jina lake, na huyo ndiye aliyekuwa mkorofi kuliko wote. Hata kufa hakukumfanya akubali kusogezwa.

Akaenda kwa karani wa chuo. Karani hakuinua kichwa. "Mama, wote hao ni marehemu. Nani atalalamika?"

Fundi wa rangi alikuwa ameshaondoka, wifi akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe hakukana.

Haikupita miezi miwili akaingia mwanamke mmoja mrefu, wa makamo, amefunga kitambaa kichwani. Alikuwa mwalimu wa shule. Akapita akisoma vibao, akasimama kwenye cha pili kutoka mlangoni, akasema, "Shikamoo, baba."

Wifi akaacha kupiga deki. Baba yake huyo mwalimu alikuwa daktari wa watoto. Alikufa mimba ya binti huyu ikiwa ya miezi sita, na picha za nyumbani ziliteketea kwa moto. Uso wa baba yake hakuwahi kuuona.

"Njoo utazame, mama," akamwambia wifi, analia na kucheka. "Kumbe pua hii ni yake! Nyumbani wananicheka miaka yote, hawajui nimeiokota wapi."

Wifi akaitazama ile pua. Ilikuwa ya daktari wa macho. Akafungua kinywa aseme, na mwalimu akamshika mkono. Tangu siku ya msiba hakuna mtu aliyekuwa amemshika mkono. Kinywa kikajifunga.

Mwalimu akawa anakuja kila mwaka, tarehe aliyofariki baba yake. Anamwamkia baba, kisha anakaa na wifi kwenye benchi, wanakunywa chai ya chupa anayokuja nayo, anaitwa mwanangu, anaeleza habari za watoto wake na za mkuu wa shule anayemwonea. Siku moja kwa mwaka. Wifi aliingojea kama mkulima anavyongojea mvua, na ikipita anahesabu tena.

"Mwambie," nilimwambia.

"Nikimwambia hatakuja."

"Na usipomwambia?"

"Usinisumbue, wifi. Wewe una wajukuu saba, huna hata nafasi ya kupiga chafya peke yako."



Mwaka wa nne mwalimu alikuja na furaha. "Mama, kesho naleta mpiga picha. Mama yangu tunamjengea kaburi, nataka baba awe pale juu, karibu naye. Na watoto nao kila mmoja apate yake."

Wifi alinisimulia kwamba aliweka kikombe chini. Uongo wa ukutani aliuvumilia. Lakini kumweka daktari wa macho juu ya kaburi la mke wa mtu, milele, alishindwa.

"Mwanangu, huyo siye." Akaeleza yote, rundo la vibao, mlango, dirisha. "Baba yako yule pale. Wa pili kutoka dirishani. Mwenye masikio."

Masikio yake yalikuwa yametoka nje kama mishikio ya sufuria. Mwalimu akatazama kwa muda mrefu. Mkono wake ukapanda polepole, akavuta kitambaa kikafunika masikio yake vizuri.

"Miaka minne," akasema, "unanisikiliza nikimwita mtu baki baba. Na chai yangu unakunywa."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Akaondoka bila kumsogelea yule wa dirishani.

Asubuhi yake wifi alikuja na bisibisi ya marehemu kaka yangu, akaburuta ngazi kutoka stoo, akiwa na miaka hamsini na tisa na goti bovu. Akafungua vibao kumi, akarudisha kila jina kwa mwenyewe. Karani akatoka mbio. "Mama! Nani kakuruhusu?"

"Wenye majina."

"Nitakuandikia barua!"

"Andika. Kusoma najua."

Mpiga picha hakuja. Mwaka ukazunguka, tarehe ikafika, wifi akaweka chai yake mwenyewe kwenye benchi akangoja mpaka chuo kinafungwa. Alikunywa mwenyewe, imepoa.

Alipostaafu, nafasi yake ilichukuliwa na mama mmoja kutoka chumba cha kufulia, mtu mzima mwenye sauti kubwa. Nilikuwepo siku ya kukabidhiana. Wifi hakumwonyesha sabuni wala ufunguo. Alimpeleka moja kwa moja dirishani.

"Huyu alikuwa anapasha mikono joto kwapani kabla hajamshika mtoto," akamwambia. "Na aliwafundisha wanafunzi wake hivyo hivyo, asiyepasha alitolewa wodini. Siku aliyosikia mkewe ana mimba alinipa salamu mara tatu, kasahau kwamba ameshanisalimia. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Nirudishie."

Yule mama akamrudishia, neno kwa neno.

"Haya. Kuna mwanamke mrefu, mwalimu, anafunga kitambaa. Akija mwaka huu, akija baada ya miaka kumi, umwambie hayo. Usimwambie nimekutuma mimi."