Kofia ya Dhahabu kwa Asiyekufa

Kaka yangu alipoanza kusafirisha unga kati ya Kolwezi na Fungurume, aliniachia chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Dilala, ambacho alikuwa amekigeuza kuwa chumba cha michezo. Mlikuwa na televisheni mbili, mashine zake, na mabenchi yaliyolegea miguu. Wateja wangu wengi walikuwa vijana wachimbaji wa shaba na kobalti. Waliniita yaya, yaani ndugu mkubwa, hata wale walionizidi umri.

Mchezo waliougombania ulikuwa wa mtu anayeshuka pangoni, miamba ikimwangukia na maji yakimfuata, mpaka chini kabisa, kisha anapanda kurudi juu. Ukifa, unaanza tena pale ulipofia. Lakini ukishuka na kupanda bila kufa hata mara moja, mtu wako anavikwa kofia ya dhahabu. Hakuna aliyekuwa ameiona zaidi ya ile iliyochorwa kwenye kasha. Mimi nikaongeza zawadi yangu: atakayeipata, nitatundika picha yake ukutani. Mama hakulipenda jambo hilo. Alisema picha ya kijana ukutani, na watu wamekaa kwenye mabenchi chini yake, alishaiona mara nyingi, na haikuwa kwenye michezo bali kwenye matanga.

Kulikuwa na marafiki wawili waliochimba shimo moja, mmoja akishuka, mwingine akishika kamba. Mrefu, mtu wa Kongolo, alikuwa mkimya. Mfupi alitoka Mbuji-Mayi na alisema kwa niaba ya wote wawili. Mrefu aliitaka ile kofia kuliko mtu yeyote. Mfupi aliichukia. Alicheza akifa ovyo, akiruka majini ili tu aone kuna nini chini, na alilalamika kwamba tangu nitangaze picha, watu hawafiki popote: wakifa mara moja tu wanarudi mwanzo wenyewe, na mlango wasioujua hawaufungui tena. Mrefu alimjibu kwamba kama kufa hakugharimu kitu, basi anayetembea kwa akili na anayejitupa tu wamekuwa sawa, na hiyo si haki.

"Kule kwenye shimo siwezi kufwa na kurudi," Mfupi alimwambia siku moja, bila kucheka. "Hapa njo pahali moja tu minaweza. Na hapa pia unataka niogope?"

Mimi nilikuwa upande wa Mrefu. Nilipenda jinsi chumba kilivyonyamaza mtu alipofika mbali bila kufa.

Alasiri moja ya masika, Mrefu alikuwa ameshafika chini na ameanza kupanda. Watu waliacha tele ya pili wakasimama nyuma yake. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Ndipo Mfupi akaingia kutoka barabarani. Alisema mvua imekatika, pampu imetoa maji, na msimamizi wa machimbo anataka washuke sasa hivi, la sivyo shimo lao atapewa mwingine.

Mrefu hakugeuka. "Nifike juu kwanza."

"Batatuondoa. Twende."

Wengine walisema aachwe amalize. Mfupi hakubishana nao. Alimwekea mkono begani, akangoja. Mrefu akausimamisha mchezo, akaiweka maneti, kile kidude cha kuchezea, juu ya benchi taratibu, akaniangalia.

"Yaya, usizime. Hata batu banune, usizime."

Nikamwahidi. Mchezo ule, ukitafuta kofia, haukuhifadhi chochote. Ulikaa hai kwa umeme tu.

Hawakuwa wamekwenda muda mrefu mawingu yakapanda kutoka upande wa Kingamyambo. Mvua iliporudi, bati lilipiga kelele hata hatukusikilizana. Nilijua ilikuwa zamu ya Mrefu kushuka. Dereva mmoja wa pikipiki aliingia kujikinga, akasema maji yanaingia kwenye mashimo ya kule, watu wanakimbia. Nilimuuliza kama aliwaona wawili wale. Hakuwajua.

Kwenye tele, yule mtu mdogo alikuwa ananing'inia kwenye ngazi kwa mkono mmoja. Nikaanza kumlinda. Mteja aliegemea karibu na waya nikamfokea, jambo ambalo si tabia yangu. Mama akaja, akatazama tele, akanitazama mimi, akakaa karibu nami. Taa ikafifia, ikarudi. Ikafifia tena. Halafu vyote vikazimika, na jenereta alikuwa nayo kaka, huko Fungurume.

Nilijua vizuri kwamba waya wa Dilala na kamba ya machimbo hazijuani. Nilijua, na bado nilibonyeza swichi ya tele tena na tena.

"Ni kuran tu, umeme tu, mwanangu," Mama alisema. "Ni kuran njo imekatika."

Nilichukua mwavuli wake nikatoka hadi barabara kubwa. Pikipiki zilipita zimebeba wachimbaji waliopakwa matope mpaka kwenye nyusi, na wote sura moja. Niliita. Wengi hawakusimama. Nilikuwa nimeanza kufikiri nimwambie nini mama yake Mrefu, mtu nisiyemjua hata sura, pikipiki moja iliposimama ng'ambo. Akashuka Mfupi. Nyuma yake, Mrefu.

Mfupi alikuwa ameinyoosha mikono mbele, viganja juu. Kamba ilikuwa imeichuna ngozi. Mrefu alisimulia kama anasimulia habari ya mtu mwingine: maji yalitoboa kutoka shimo la jirani, akapanda, akateleza, akavutwa. Kisha akauliza habari za mchezo. Nikamwambia umeme ulikatika. Aliinamisha kichwa.

"Umupe picha yake, yaya," Mfupi alisema. "Amepanda."

"Hapana," Mrefu alisema. "Ile sikumaliza."

Jikoni nilimwosha Mfupi mikono kwa maji ya chumvi. Mrefu alimshikia kikombe cha chai mpaka kikaisha.

Waliporudi siku nyingine, Mrefu alianza upya mlangoni pa pango, akafa pale pale mwanzoni, kwa jiwe alilolijua. Chumba kizima kilingoja arudi mwanzo. Akaendelea. Mfupi, viganja vimefungwa vitambaa, hakuweza kushika maneti, kwa hiyo alielekeza tu: ingia pale, tuone. Wakafungua milango ambayo Mrefu alikuwa ameiepuka siku zote. Alikufa mara nyingi, na mwisho mtu wake akatoka juu kwenye nyasi, kichwa wazi.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshaondoa tangazo la picha. Mteja mmoja aliyekuwa akiitafuta kofia alinijia juu, akiuliza sasa mtu atapata nini. Nilimwambia anayefika juu nitamnunulia fanta, hata kama alikufa njiani. Akasema basi kila mtu atapewa. Nikamwambia ndiyo. Alihamia chumba kingine cha michezo, na sikumfuata.