Mtani Aliyetaka Kuwa Mfiwa

Nakiri: siku jirani yangu alipofariki, nilikuwa nimeshapanga nitakavyolia. Nilipanga na kanga ya kuvaa, na mahali pa kukaa: kwenye mkeka wa binti zake. Nilikuwa na miaka minne tangu niolewe huku Shume nikitokea Handeni, na bibi yule ndiye aliyenifundisha Kishambaa. Nilikuwa naandika maneno yake daftarini, kisha nayarudia peke yangu jikoni mpaka Kizigua changu kisisikike. Sokoni walishaacha kuniuliza kwetu ni wapi. Msibani nilitaka kitu kimoja tu, nihesabiwe mtoto wa nyumba ile.

Niliwapa wazee shikamoo mmoja mmoja, nikakaa mkekani, nikalia. Lakini wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakaanza kunitazama na kunong'onezana. Nikajikagua. Kanga imeenda upande? Nimemruka nani kwenye salamu? Niliinuka mara mbili kwenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Mwishowe binti mkubwa wa marehemu akanisogelea, macho yamemvimba.

"Mtani, mbona umekaa na sisi? Mzigua wa msiba huu ni wewe peke yako. Mama azikwe kimya kama mtu asiye na watani?"

Nilimjibu kwa Kishambaa changu kizuri kabisa kwamba bibi alikuwa mama yangu pia.

"Alikuwa mama yako, sikatai. Ila wa kumlia tupo wengi. Wa kumcheka hatuna."

Wazigua na Washambaa ni watani, lakini sikuwahi kufanya utani wa msibani, ule wa kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Kwetu waliufanya shangazi zangu, nami nilikuwa najificha kwa aibu. Ukiukosea, unabaki mtu asiye na adabu mbele ya maiti. Hata hivyo niliingia chumbani, nikavaa sweta la marehemu, nikachukua fimbo yake, nikatoka nimeinama nikiwafokea waombolezaji: wamekuja kula tu, karoti zake nani anapalilia? Mzee mmoja aliguna. Kisha wale wamenya viazi wakaangua kicheko, na binti yule naye akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ongeza," alisema. "Mfanye alivyokuwa anakusema wewe."

Nilijua anachotaka. Bibi alikuwa akinikuta nang'oa miche ya kabichi niliyoipanda asubuhi ileile, kwa sababu mstari umepinda kidogo. Alinicheka mpaka akakaa chini. Nilidhani ni siri yetu wawili.

Nikapiga magoti mbele ya watu wote. Nikavuta kamba isiyokuwepo, nikapanda mche, nikaukodolea macho, nikaung'oa, nikaupanda tena. Halafu nikainuka na fimbo, nikawa bibi.

"Mzigua wewe, kabichi haifanyi mtihani."

Mchungaji aliingia uani wakiwa bado wanacheka. Nikataka kulivua sweta haraka, lakini binti yule akanishika mkono, akaniambia nisithubutu, twende nalo hivyohivyo mpaka kaburini.