Vijino vya Adapta

Leo nimefungua boksi la nyaya kuukuu, na harufu ya plastiki na vumbi imenirudisha sebuleni kwetu.

Baba alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba isiyo na kioo chake, akaiunganisha na televisheni kwa adapta moja ndogo. Jumapili majirani wa jumuiya wakaja kuiona. Baba akawasha. Televisheni ikabaki bluu tupu. Akachomoa adapta, akakuta vijino vyake vimepinda.

“Nani ameigusa hii?”

Niliigusa mimi asubuhi, nikaisukuma kwa nguvu ikiwa imegeuzwa. Lakini nikasema, “Bibi alikuwa anafuta vumbi huko nyuma.”

Bibi, aliyeshuka kutoka kijijini kwake Nkoaranga na mkungu wa ndizi kutusalimia, alinitazama. Kisha akaitazama mikono yake, akamwambia Baba:

“Nisamehe, mwanangu. Mikono hii imezoea kuchuma kahawa.”

Majirani wakacheka. Nami nikacheka.

Bibi alipokuja tena, nilimwekea kiti karibu na televisheni. Akaingiza mikono ndani ya kitenge.

“Hapana, mjukuu wangu. Nisije nikaharibu tena.”

Akaenda kukaa jikoni.